Wavamizi Walipotua Keringet

Kibanda cha video hapa Molo ni changu, na mimi sipendi ujinga, kwa hivyo nitasema vile niliona.

Bwanangu Mwaura ndiye dijei. Muvi ya Kizungu ikianza, anashika maiki na kuitafsiri papo hapo. Mzungu wa kwenye skrini anapewa jina la mtu wa hapa, mji wa Amerika unakuwa Keringet. Dijei wote hufanya hivyo. Usipoileta muvi nyumbani, watu wanalala.

Jumapili moja baada ya kanisa akaweka muvi ya zamani, isiyo na rangi. Viumbe wametoka angani, wanaingia kwa miili ya majirani. Sura ni ileile, sauti ni ileile, lakini ndani si mtu. Akatokea jamaa mrefu amebeba mkebe. Mwaura akasema, "Si huyu ni Elphas wa maziwa? Cheki vile anakuchekea. Huyu hakuzaliwa, alitua."

Watu wakavunjika mbavu. Elphas mwenyewe alikuwa benchi ya mbele na mkewe Cheruto na mtoto wao, na ndiye alicheka zaidi. Walihamia hapa kutoka upande wa Keringet, si wa kabila letu, lakini shamba lao linapakana na letu, na ng'ombe wetu akishindwa kuzaa ni Elphas tunayemwita. Mimi sikucheka. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimeanza, na sisi wa Molo tunajua kampeni zilishatufanyia nini, majirani kuchomeana nyumba.

"Mpe huyo mtu jina lingine," nilimwambia Mwaura tukila.

"Wariara, usinipee presha. Ni muvi tu."

Kichwa ngumu kama cha punda. Wiki hiyo vijana wa bodaboda wakaanza kumwita Elphas "Alitua". Kisha wateja wakakataa maziwa yake, mmoja mmoja, hadi akawa anarudi na mkebe umejaa. Cheruto akaniuliza kama ampeleke mtoto kwa nyanyake. Niliogopa, lakini nikamwambia angoje, Mwaura atarekebisha mambo Jumapili.

Jumapili kibanda kilijaa hadi nje. Waliitisha muvi ileile. Elphas alikuja peke yake, akakaa mbele, maana asingekuja wangesema amejificha. Jamaa wa mkebe alipotokea, Mwaura akasema, "Leo huyu ni Nderitu, mwizi wa kuku."

Hakuna aliyecheka.

"Ni Elphas," mtu akasema huko nyuma, sauti ya kawaida tu.

"Jameni, Elphas ni mtu wetu," Mwaura akasema kwa maiki.

"Elphas anaingia kwa nyumba," mwingine akaendelea. "Elphas anamdanganya mama."

Nikazima spika. Wakatafsiri bila spika, huyu akiachia yule, vizuri kuliko Mwaura. Walipofika pale wanakijiji wanawasha mienge, nikang'oa waya wa stima, skrini ikazimika.

Hawakunyamaza. Waliimalizia muvi hivyo hivyo, na sasa wanakijiji walikuwa wanapita kwenye posho mill yetu ya kusaga mahindi, wanakata kona kanisani, wanafika kwa geti ya mbao. Huko ndiko Cheruto alikuwa na mtoto.

Elphas akasimama. Nilidhani watamzuia mlangoni. Walimpisha vizuri tu, kisha wakaanza kutoka nyuma yake.