Gitaa la Aprili

Mervyn aliingia studio na kiatu kimoja mguuni, gitaa begani, akauliza kama chai imebaki. Wenzake walikuwa wamemtafuta London nzima. Dilys, mpiga kinanda wa bendi yao ya Nyuki wa Chumvi, alitamani kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kurekodi albamu. Bendi ilikuwa yake Mervyn, na nyimbo zile za njozi, zenye gitaa lililochezwa kinyumenyume na sauti zinazoelea, zilitoka kichwani mwake. Lakini vidonge vya kulevya vya kuonesha rangi, ambavyo kila mtu mjini alivimeza kwa mzaha, yeye vilikuwa vimemmaliza kidogo kidogo. Siku hizi jukwaani alishikilia noti moja mpaka wimbo unaisha, na watu wakashangilia wakidhani ni usanii.

"Nataka kurudia gitaa la wimbo wa mwisho," alisema. "Lile tulilorekodi Aprili ni la kitoto."

"Mkanda una njia nne za sauti, kijana, na zote zimejaa," alijibu Bwana Hobday, fundi wa sauti, nadhifu ndani ya koti lake jeupe. "Nikirekodi jipya, la zamani limefutika. Halirudi."

"Lifute. Wimbo si wangu?"

Ndiyo, ulikuwa wake, na kwao mwenye wimbo hapingwi. Lakini kwa Dilys, gitaa lile lilikuwa Mervyn mzima, Mervyn wa kabla ya haya yote. Likifutwa, nani angeamini kwamba aliwahi kuwepo? Mervyn alipoinama kuchomeka waya, Dilys alimtazama fundi kupitia kioo cha chumba cha mitambo, akamtikisia kichwa: usifute. Mzee akaelewa. Akawasha taa nyekundu, akazungusha mkanda, ila kitufe cha kurekodi hakukigusa.

Mwanzoni Mervyn alipapasa tu. Kisha vidole vikakumbuka. Alipiga polepole, bila madoido, kama mtu anayeaga watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja. Dilys hakuwahi kumsikia akipiga hivyo, hata enzi zake. Machozi yakamtoka. Aligeuka kwenye kioo, akapunga mikono yote miwili: rekodi, rekodi sasa! Kidole cha mzee kilikuwa tayari juu ya kitufe, lakini wimbo ulikuwa umekwisha.

"Haya, nisikie," alisema Mervyn.

Likachezwa lile la Aprili, kwa kuwa halikuwepo lingine. Alilisikiliza mpaka mwisho, macho kayafumba.

"Hilo la zamani, Dil."

"Nisamehe, Merv. Niliogopa."

"Uliogopa nitaharibu."

"Ndiyo."

Hakukasirika. Angekasirika, ingekuwa nafuu.

"Liache hilohilo. Jamaa wa Aprili alikuwa na furaha zake." Akalivua gitaa, akaliegemeza ukutani. "Lakini la leo ulilisikia?"

"Nililisikia lote."

"Lilikuwaje? Mimi limeshanitoka kichwani."

Dilys aliketi kwenye kinanda, akaitafuta noti ya kwanza. Haikuwa hiyo. Akajaribu nyingine.