Shahidi wa Nyumba Yangu Mwenyewe

Usiku wa jana niliota nimefika kwenye baraza la usuluhishi la kata, saa nne asubuhi, nimevaa gauni la kanisani na miguu mitupu. Nimekuja kudai sehemu yangu ya nyumba. Mume wangu Ambakisye anataka talaka, na nyumba yote iwe yake. Miezi minne sasa anaishi kwa dada yake, na hati ya kununulia kiwanja kaifungia kwenye begi.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa muhuri. Muhuri wa mpira wenye mpini wa mbao, urefu wangu, ameketi na koti begani. Sikushangaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mwenyekiti." Akaitika "Marahaba," na neno lenyewe likajichapa mezani kwa wino wa buluu.

Kando yangu alikaa Bi. Sekela, msaidizi wa kisheria anayenishughulikia bure. Mama huyu hatishiki hata kidogo, lakini pale naona anajifuta jasho.

"Eleza mchango wako, mwanangu," ananiambia.

"Nilibeba maji ya matofali elfu sita," nasema. "Nikiwa na mimba ya Tumpale. Mafundi nikawapikia mimi, asubuhi na mchana."

Muhuri anaikunjua hati. "Mnunuzi hapa ni Ambakisye peke yake. Wewe uko chini, kwa mashahidi. Alama hii ya dole gumba ni yako?"

Ni dole langu. Siku ile ya kununua kiwanja, kwa mjumbe wa nyumba kumi, alipungua shahidi mmoja wa upande wetu, Ambakisye akasema ya nini kuhangaika, mke wangu si yupo, aweke dole. Nikaweka, tena natabasamu, nikijua ndiyo nimenunua. Nilikuwa mjinga, sitafuti jina jingine.

"Kwa utaratibu," anasema muhuri, "shahidi huona tu. Habebi."

Nikaitazama mikono yangu, haipo. Gauni linaning'inia mabegani bila kitu ndani. Hofu ikanishika, ila nikaona si adabu kupiga kelele mbele ya baraza.

Nageuka kumwuliza Bi. Sekela, kumbe tuko ndani ya tanuri la matofali, na linawaka. Bi. Sekela anapekua faili lake kama kawaida, moto unampita miguuni.

"Tunamfahamu," yakasema matofali. "Tulipokuwa udongo tulikunywa ndoo zake."

"Mlimwona akizibeba?" akauliza muhuri.

"Hatuna macho, mwenyekiti."

"Basi nyinyi hamwezi kuwa mashahidi. Na huyu mwenye macho hakubeba, maana hana mikono." Akajigonga mezani mara moja. "Uamuzi. Mume achukue nyumba. Mke achukue kuiona. Ataiona kila siku, Jumapili zikiwemo."

Hapo hapo tukawa nje, barabarani, na nyumba yangu inaondoka. Inatembea taratibu, bati linalia. Tumpale yuko dirishani na daftari lake la hesabu.

"Mama," ananiita, "nishuke au niende nayo?"

Nataka kumpungia ashuke, sina cha kupungia. Nataka kukimbia, na kila nikipiga hatua nyumba inapiga mbili. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe. Nyumba ingekwenda, mtoto angekwenda nayo, na mimi ningebaki kuangalia.

"Omba dole lihamishwe," Bi. Sekela akaninong'oneza. "Haraka."

"Mwenyekiti, naomba dole langu litoke kwa mashahidi, liende kwa wanunuzi."

Muhuri akaivuta hati karibu. "Linaweza. Ila likishang'oka halirudi kwako tena. Umekubali?"

Nikasema nimekubali. Akainama juu ya hati, akaanza kulibandua. Nikalisikia kwenye mwili wangu, linachunika pole pole kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nyumba ikasimama. Sikuona dole limewekwa wapi, kwa sababu niliamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Tumpale amelala pembeni yangu, na mikono ninayo yote miwili. Nikachukua simu, nikaigusa kwa dole ifunguke nitazame saa. Ikakataa. Nikalifuta kwenye shuka, ikakataa tena. Nikaligeuza kwenye mwanga wa dirishani. Lilikuwa laini tupu, halina mstari hata mmoja.

Simu ikaita nikiwa nimeishika. Ambakisye, ambaye hajanipigia tangu aondoke.

"Mama Tumpale, nani amefungua begi langu?"

"Begi si liko huko kwako?"

Nikasikia karatasi zinageuzwa.

"Kwenye hati, pale kwa mashahidi, dole lako halipo. Pamekuwa peupe. Liko huku juu, chini ya jina langu. Umeliweka lini?"

"Mimi nilikuwa nimelala, baba Tumpale."

"Usinitanie. Nimeligusa sasa hivi, wino bado mbichi."

Nikalificha dole ndani ya ngumi, maana Tumpale alikuwa anaamka, na sikujua nitamwambia nini akiliona.