Majembe ya Msibani

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Nyoka siwaogopi, wala radi za kwetu Buhinyuza zinazopasua miti. Ninachoogopa ni udongo. Tangu nitoke Gishubi kumtazama dada yangu Emerensiana, nikiona mtu anaingia shambani kwangu na viatu vyenye matope, nampigia kelele arudi njiani.

Dada ameolewa huko, upande wa Gitega. Alinipigia simu analia, nikadhani kafiwa na mume. Kufika, mume mzima, kakaa mlangoni, na nyuma yake shamba zima la migomba limekufa. Majani yalianza kugeuka manjano yale ya chini, yakavunjika shingo, yakaning'inia kuzunguka mgomba kama sketi chakavu. Dada akachukua panga, akakata shina moja ili nione. Ndani kulikuwa na duara lenye rangi ya chai iliyochemka mno. Akaniambia ni kuvu inayoishi ardhini, inaingilia kwenye mizizi na kuziba njia za maji mpaka mgomba unakauka umesimama. Dawa hakuna. Unang'oa, na hapo hupandi tena ndizi za pombe wala zile ndogo tamu, maana kuvu inabaki humo mpaka wajukuu wazeeke. Na inasafiri kwa machipukizi, kwa jembe, kwa soli ya kiatu.

Kandambili zangu niliziacha palepale Gishubi. Nikapanda gari la kurudi kwetu Muyinga peku, watu wananicheka, nikawaambia wacheke mpaka wachoke.

Mnielewe. Sisi tumekulia kambini Tanzania, tumekula chakula cha kupimiwa. Tuliporudi Burundi tulipata kipande kimoja cha ardhi, na karibu chote ni migomba ya pombe. Hiyo ndiyo chumvi yetu, ndiyo sabuni, ndiyo shule ya mwanangu Elias. Ikifa, tukimbilie wapi mara ya pili? Basi nikawa mkali. Nikaziba njia ya mkato iliyopita shambani, nikakataa machipukizi ya bure. Mume wangu, Longino, akasema nitatugombanisha na kilima kizima, majirani wote. Nikamwambia heri ugomvi kuliko njaa.

Halafu mama mkwe akafariki. Alikuwa ameomba azikwe nyumbani, kando ya migomba. Huku kwetu kaburi huchimbwa na majirani, na kila mmoja huja na jembe lake. Nilipolikumbuka hilo machozi yalikatika. Huku namlilia mama, huku naliogopa jembe la Nazario. Huyo ni jirani yetu wa bondeni. Migomba yake imenyauka tangu mvua zilizopita, na yeye anasema ni jua.

Nikachukua beseni, nikatia maji na javeli, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, nikaliweka njiani pa kuingilia. Kila jembe likwanguliwe udongo, lioshwe, ndipo lipite. Kosa langu nikalisoma kwenye nyuso zao. Kwetu maji huwekwa baada ya mazishi, watu wanawe mikono, kisha wanywe pamoja. Mimi nimeyaweka maiti bado yumo ndani. Wanawake wakashika vinywa. Mzee mmoja akageuza, akaenda zake. Longino akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimerukwa na akili. Beseni sikuliondoa.

Nazario alikuja wa mwisho.

"Mama Elias," akasema, "mi siko mgonjwa."

Nikamwambia sijamtaja yeye, nimetaja jembe. Akanitazama weee, kisha akainama, akaliosha taratibu huku watu wote wakimwangalia. Nilimwaibisha mbele ya kilima kizima, na bado nilifurahi kuona matope yake yakibaki ndani ya beseni.

Wakachimba. Nikasimama karibu nachunga miguu yao. Shimo lilipowafika kiunoni, jembe likapiga mgomba uliosimama ukingoni, likauchana kwa chini, pale mizizi inapoanzia. Mgomba wenyewe wa kijani kabisa, una mkungu mzuri.

Nikaliona lile duara.

Nikajiambia ni kivuli, ni udongo mwekundu tu. Nikachuchumaa, nikafuta kwa kidole. Halikufutika. Na jambo kama lile haliji kwa asubuhi moja. Lilikuwa humo wakati naziba njia, humo wakati namsimamisha Nazario kwenye beseni. Limetoka wapi, mpaka leo sijui.

Wachimbaji hawakujua kitu. Nilipoinua macho nikakutana na Longino. Rangi ile nilikuwa nimemsimulia mara nyingi hata akanikataza kuitaja wakati wa kula. Akasogeza mguu, akasukuma udongo juu ya jeraha la mgomba, akakanyaga. Kisha akanitikisia kichwa nisiseme.

Na mimi nilitaka kunyamaza. Haki ya Mungu, nilitaka. Nikisema, tutang'oa shamba kwa mikono yetu wenyewe, na kilima kizima kitajua wagonjwa ni sisi, tena siku ya kumzika mama. Nikinyamaza, majembe yote haya yatatoka na udongo wangu, kila moja liende kwenye migomba ya watoto wa watu. Na hakuna ambaye angekuja kujua. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu kweli, nilipoona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Tukamzika mama. Tukaimba, padri akabariki kaburi. Wanaume wakaweka majembe begani, wakaanza kuondoka.

Nikakimbia, nikawazibia njia.

"Msitoke na majembe. Migomba yetu inaumwa. Nimeona kaburini."

Longino akakaa chini karibu na kaburi la mama yake, akafunika uso kwa mikono. Nikangoja matusi, maana niliyastahili. Nazario ndiye aliyenisogelea. Akateremsha jembe, akaniuliza kama majani yanayovunjika shingo na kuning'inia, yale ya kwake, ni ugonjwa huohuo. Nikamwambia ndiyo. Nilidhani atafurahi kunipata na kosa.

"Sasa watoto tutawapa nini?" akasema.

Hakuwa ananisuta, alikuwa anauliza. Wengine nao wakaweka majembe chini, wakasogea, wakasimama wananitazama. Nikaenda kulichukua beseni, nikaanza kuosha jembe la Nazario.