Shingo Iliyopinda

Dereva mstaafu alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mashine ya mionzi. Uso wake ulifunikwa kwa barakoa ngumu ya plastiki yenye matundu, iliyobanwa pande zote ili kichwa kisitikisike. Uvimbe wake ulikuwa kooni, umejibanza karibu na uti wa mgongo. Mionzi ikikosea njia, ingeweza kumpoozesha mikono.

Nyuma ya ukuta mnene, mwanafizikia wa hospitali aliikodolea macho skrini. Programu aliyoitengeneza mwenyewe ililinganisha picha ya mgonjwa na ile ya mpango wa matibabu, ikajaribu maelfu ya mikao, kisha ikasema kitanda kisogezwe wapi. Mzee alikwisha kutibiwa siku kadhaa bila programu hiyo; leo ilikuwa mara yake ya kwanza kutumika kwa mgonjwa.

"Inasema kitanda kisogee milimita moja tu," alisema mwendesha mashine, ambaye kila mtu alimwita Chapuchapu. "Nibonyeze?"

"Ngoja, kaka. Tofauti kati ya picha hizi mbili bado kubwa."

"Dada, hebu tazama. Taya limekaa pake kabisa."

"Taya limekaa. Shingo je?"

Akaiamuru programu iliache taya, ipime mifupa ya shingo peke yake. Hesabu ikaanza upya, ikijikokota.

"Wanangu," sauti ya mzee ilikwaruza kwenye spika, "fanyeni hima. Pumzi inaniishia."

Chapuchapu akageuka. "Unamsikia? Ama tumtibu, ama tumtoe!"

Mwanafizikia hakuondoa macho kwenye skrini. Akisimamisha kazi siku ya kwanza, madaktari watasema ameleta mchezo wa kompyuta hospitalini. Jibu likatokea: shingo imepinda, uvimbe umehama milimita sita. Kwa mkao ule, mionzi ingepita kwenye uti wa mgongo.

"Mtoe," alisema. "Programu yangu imedanganywa na taya."

Walipomvua barakoa, uso wa mzee ulikuwa na alama za matundu kila mahali.

"Inanikaba hapa," alikiri, akigusa koo. "Leo nimeinua shingo kidogo ili nipate hewa."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nikisema, mtaanza upya. Mke wangu kachoka kusubiri kwenye lile benchi."

"Mzee, mficha maradhi…" Chapuchapu alianza, kisha akaumeza mwisho wa methali.

Mzee akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Malizia tu. Kifo humuumbua. Ninaijua."

Mwanafizikia hakucheka. Wazo moja lilikuwa limemshika: je, siku zilizotangulia? Alirudi mbio kwenye skrini, akafungua picha za zamani moja baada ya nyingine. Chapuchapu alimfuata, akachungulia juu ya bega lake. Ndiye aliyekuwa amebonyeza kitufe siku zote hizo.

Shingo ilikuwa imenyooka. Katika picha zote.

Chapuchapu alijitupa kitini, akafunika uso kwa viganja.

Barakoa mpya ilitengenezwa, ikakatwa wazi sehemu ya koo. Mwanafizikia naye aliirekebisha programu ianze na shingo, na ipige kelele mifupa ya shingo na taya isipokubaliana. Mke wa mzee alipoelezwa sababu ya kuchelewa, alimgeukia mumewe.

"Miaka yote hiyo barabarani ulikuwa unaniambia injini ya gari ikianza kugongagonga, simama usikilize," alisema. "Koo lako je, si gari?"

Mzee alimaliza matibabu yake yote. Sauti ilibaki ya kukwaruza, lakini mikono ilikuwa na nguvu zake zote, na siku ya mwisho alimshika Chapuchapu mkono kwa nguvu hadi mwendesha mashine huyo akaguna.