Matege ya Mbwa wa Meneja

Kepher Amolo alijua ameharibu mbwa wa watu. Meneja wa shamba la chai, alipokwenda likizo ndefu, alimkabidhi mtoto wa mbwa aliyetoka kwa rafiki yake Limuru, akasema mbwa huyo akikua atawinda nungunungu wanaochimba kitalu cha miche. Mbwa wa kazi aliowajua Kepher walikuwa warefu, wenye miguu iliyonyooka kama mipini ya jembe. Huyu alirefuka mwili tu, si kimo. Mgongo ulikwenda, miguu ikakataa kufuata, kifua kikakaribia kuburura chini, na nyayo za mbele zikageukia nje.

Kepher alijua na sababu. Maziwa ya mbwa yalitoka jikoni kwa meneja kila asubuhi, na kidogo kati yake kiliingia kwenye uji wa binti yake Loice. Kidogo tu, lakini siku za mwizi ni arobaini. Meneja akirudi atamfukuza kazi, na nyumba ya shamba itakwenda na kazi. Kepher hakulala vizuri tena.

Akamwendea mzee Nyang'au, mchuma chai ambaye kwao Kisii aliheshimiwa kwa kuunga mifupa. Mzee aliipapasa miguu ile huku amefumba macho.

"Hii mbwa iko na matege," akasema. "Mtoto wa dada yangu alikuwa hivi. Tulifunga mianzi, miguu ikanyooka."

"Basi funga, mzee. Fanya haraka."

Wakaipasua mianzi, wakaifunga miguuni kwa kamba laini. Maskini mbwa akawa anatembea kama meza inayosukumwa, akimwangalia Kepher kwa masikitiko, na Kepher akimwomba msamaha kwa Kijaluo.

Meneja alirudi kabla ya siku yake. Kepher aliposikia gari alikimbilia kufungua kamba, lakini fundo la kwanza halijalegea gari likaingia. Akabaki amepiga magoti uani, mbwa mbele yake na mianzi yake yote.

Meneja akashuka amebeba mbwa mwingine, mkubwa. "Rafiki yangu anarudi Ulaya," akasema. "Amenipa na mama wa huyu mdogo."

Akamweka chini. Kepher akatazama. Mama alikuwa na mgongo mrefu ajabu, kifua kizito, miguu mifupi minene, na nyayo zilizogeuka nje vilevile. Alikuwa mnono, manyoya yanang'aa, hakukosa maziwa huyo hata siku moja.

"Bwana," Kepher akauliza polepole, "yeye pia alizaliwa na miguu hii?"

"Wote huzaliwa hivyo. Miguu ya kuchimbia. Mwenye miguu mirefu ataingiaje shimo la nungunungu?" Kisha akaona mianzi. "Na hii ni nini?"

"Tulitaka kumnyoosha, bwana."

Meneja alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kepher naye alicheka, ila kicheko chake kilichanganyika na machozi, wala hakuona aibu kuyafuta kwa kiganja. Habari ya maziwa hakuitaja. Mwenye akili hachokozi nyuki waliolala.

Akakimbia nyumbani. Mkewe Apiyo alikuwa amekwisha kutia sufuria kwenye gunia na kukunja mkeka, tayari kwa safari ya kurudi ziwani.

"Mama Loice," akasema akihema, "fungua mizigo. Mbwa ni mzima."