Mkutano wa Saa Nne Mtoni

Kwa miaka mitatu Kibii alikuwa akiongoza wageni mtoni, na kwa miaka hiyo mitatu mama yake, Jepkoech, alikuwa akiwaambia majirani pale Gilgil kwamba kijana wake bado anatafuta kazi. Hakuwa mwongo, jamani. Kwake yeye kazi ilikuwa na ofisi, au angalau gambuti za shamba la maua kule Naivasha. Kuteremsha watu wazima kwenye maji yenye mawe, ndani ya boti ya mpira, huku wanapiga mayowe, hiyo ni kazi gani? Ilimuuma Kibii, tena sana.

Basi kikundi cha akina mama cha Tuinuane kilipopiga kura kwamba mwaka huu hawaendi tena kutazama flamingo Nakuru, wanateremka Mto Malewa wakaone maporomoko, Kibii alimwomba bosi wake, Sitati, amwachie boti yao. Mama yake ndiye mweka hazina. Leo angeona kwa macho yake. Sitati alikubali kwa sharti moja.

"Kabla ya maporomoko mnatokea ukingo wa kulia. Mkipitiliza, usirudi hapa."

Yeye mwenyewe angewangoja chini, akiwa na taulo na chai.

Kibii alijua kila jiwe la mto ule. Alichosahau ni katiba ya Tuinuane. Katiba inasema mkutano ni Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nne kamili asubuhi, popote wanachama walipo. Popote! Wameshaufanya matangani, wameshaufanya kwenye foleni ya hospitali, na mara moja kando ya barabara kuu, tairi ikiwa imepasuka. Hawajakosa hata mmoja. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya ya Kibii, ilikuwa Jumamosi ya pili.

Saa nne ilipofika, simu ya katibu Wangui ililia ndani ya ndoo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, ambamo alikuwa ameifungia pamoja na kitabu cha kumbukumbu. Boti ilikuwa katikati ya mto na maji yalikuwa yameanza ukali. Mwenyekiti Fardosa, mwenye duka la vitambaa mjini, akalaza kasia lake mapajani. Wale wengine watano wakalaza yao.

"Akina mama, msiache kupiga kasia!" Kibii akapaza sauti kutoka nyuma.

"Tuombe," akasema Fardosa.

Akaomba dua yake, Wangui akafuata na sala yake, kama kawaida yao. Boti ikazunguka mara mbili. Kibii hakufumba macho, nani angefumba? Lakini Jepkoech aligeuka akamtupia lile jicho la kanisani. Mwanamume na kofia kichwani wakati wa maombi! Na Kibii, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, akavua helmeti akampa. Haki ya nani, mkono ulikwenda wenyewe. Mama akaipakata.

"Amina. Katibu, soma kumbukumbu za mkutano uliopita."

Wangui akafungua ndoo akaanza kusoma. Likija wimbi, anafunga kifuniko. Wimbi likipita, anafungua, anaendelea palepale alipoachia. Wimbi la tatu likamrusha mwanachama mmoja, Jepkemei, majini.

"Mama ameanguka!" Kibii akapiga kelele.

"Jepkemei hayupo," akasema Wangui, kalamu mkononi. "Niandike kwa udhuru au bila udhuru?"

"Kwani ameaga?" akauliza Fardosa.

"Hajaaga."

"Basi bila udhuru."

Kibii alimdaka Jepkemei kwa jaketi la kuelea, akamvuta ndani. Mama wa watu akakohoa maji, akaomba radhi kwa kuchelewa, akauliza wamefika ajenda ya ngapi.

"Tafadhalini, pigeni kasia tutokee kulia! Maporomoko yako hapo mbele!"

"Hiyo ni hoja?" akauliza Fardosa.

"Ni maporomoko, mathe!"

"Asiye mwanachama haleti hoja," akasema Wangui, tena kwa upole. "Kifungu cha saba."

Kibii akajaribu peke yake. Kasia moja dhidi ya boti yenye watu saba ni kama kusukuma ng'ombe aliyelala. Ngurumo ya maji sasa ilikuwa wazi kabisa, na moshi wa matone ulionekana. Akili ikamjia. Wanawake hawa aliwajua, mmoja wao alimzaa. Huwezi kuwashinda nje ya utaratibu wao. Akainua mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuwa mwanachama."

"Eeh! Sasa unaongea kama mtu." Fardosa alifurahi kwelikweli. "Sharti ni moja tu. Mwombaji awe na kazi inayojulikana, na mwanachama mmoja athibitishe."

Wote wakamgeukia Jepkoech.

Mahali pa kutokea palikuwa panakaribia, hatua ishirini, kisha kumi. Kibii hakupatazama. Alimtazama mama yake, na aibu ikamshika kwamba hata sasa, na kifo kinanguruma mbele, alichotaka zaidi ni kusikia jibu lile.

Jepkoech aliitazama helmeti mapajani. Akamtazama mwanawe aliyelowa chapachapa, viganja vimechubuka, akipigana na mto mzima kwa ajili ya wanawake sita wakaidi.

"Nimekuwa nikisema anatafuta," akasema. "Nilikosea. Nathibitisha mbele yenu. Mwanangu ana kazi, na kazi yenyewe ndiyo hii."

"Wanaokubali?"

Mikono ikainuka yote, miwili miwili, kwa shangwe. Makasia sita yakateleza majini, yakatangulia.

"Imepita kwa kauli moja! Andika, katibu. Karibu, mwanachama. Haya, lete hoja yako."

Mahali pa kutokea palikuwa pameshapita. Kibii akatazama mbele, na mto haukuwepo tena.

"Shikeni kamba," akasema.

"Naunga mkono!" akapiga kelele Jepkoech.

Wangui akabana kifuniko, na boti ikaanguka.

Maporomoko yenyewe urefu wake ni kama nyumba ya mabati, na chini kuna kidimbwi chenye kina kirefu. Wakaibuka mmoja mmoja, wote saba, Jepkemei akiwa na kiatu kimoja. Sitati alikuwa ukingoni, mishipa ya shingo imemsimama.

"Kibii! Nilikuambia nini? Kuanzia leo huna kazi!"

Jepkoech akatoka majini, gauni limemganda mwilini, akaenda kusimama mbele yake.

"Ana kazi."

"Mama, bosi hapa ni mimi."

"Katibu, msomee."

Wangui akafungua ndoo. Kitabu kilikuwa kikavu. Akasoma polepole kwamba mkutano umethibitisha, kwa kauli moja, kuwa Kibii ana kazi na kazi yake ni ya mto.

"Na mtu akitaka kubadilisha uamuzi huo?" akauliza Fardosa, akikamua mtandio.

"Alete hoja kwa maandishi. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao."

Sitati akafungua mdomo.

"Inua mkono kwanza," akaambiwa.

Na yule bwana, nawaapia, akainua mkono. Fardosa akamwambia asubiri ajenda ya mwisho, ya mengineyo.

Kibii alikuwa ameketi juu ya jiwe, hajui kama anacheka au analia. Mama yake akamwendea. Helmeti ilikuwa bado kwapani mwake, alikuwa ameanguka nayo maporomoko yote bila kuiachia. Akaikung'uta maji, akamvalisha, akamfunga kamba chini ya kidevu kama alivyokuwa akimfunga vifungo vya sweta ya shule.

"Usivue tena," akamwambia. "Uko kazini."