Nguo Kwenye Mbavu za Boti

Mama alipoanza kuanika nguo kwenye mbavu za boti, nilijua Baba ameshakata tamaa. Mbavu zilibaki uchi pale uani tangu bega lake lilipomgomea. Plaiwudi ya kuzifunika ni fupi kuliko boti, lazima uunge mbili ziwe moja, na Baba aliziunga kwa kuranda kila ncha mpaka iwe nyembamba kama ulimi, kisha kuzilaza moja juu ya nyingine kwa gundi. Siku hizi akishika randa kidogo tu anaiweka chini, anasingizia jua.

"Wiki ijayo naipasua kuni," alisema.

Nikamwomba asubiri. Jirani na kituo cha mafuta kuna karakana ya makabati yenye mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta. Fundi wake tunamwita Milimita, maana huyo hata chumvi ya mboga angeipima. Nilipomweleza shida yetu, akachora ncha mbili za plaiwudi zenye meno ya mviringo, ya kuumana kama vidole vya mikono miwili. Akakata kwanza kipande cha kujaribia. Meno yaliingia kwa kugongwa nyundo.

"Yamebana, raha," nikasema.

"Raha gani, dada? Gundi itakaa wapi?"

Akayapunguza kama unene wa unywele. Sasa yakaingia kwa kusukumwa na kiganja.

Nyumbani nikapaka gundi, nikayaumanisha meno, nikaacha ikauke. Baba hakukigusa kile kipande. Alizunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Meno ya mashine," akasema. "Yatang'oka kama ya utotoni."

Ilipokauka alikilaza kipande juu ya viti viwili, maungio katikati, akakikalia. Kikapinda. Akajirusha kidogo.

"Utavunja kiuno, mzee," Mama alisema mlangoni.

"Kiuno ni changu."

Akajirusha tena. Kikatoa mlio, ka! Baba akajikuta chini. Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala.

Hakuinuka. Aliokota vipande, akapitisha kidole gumba juu ya meno. Yalikuwa yameshikana vilevile. Iliyokatika ni plaiwudi yenyewe, shibiri moja pembeni ya maungio.

"Njoo uone," akaniita. "Mbao imeshindwa, maungio yamekataa kung'oka."

"Yaani mnafurahia kitu kuvunjika," Mama alisema. "Nimeolewa kwa vichaa."

"Mama watoto, anua nguo zako."

"Bado mbichi."

"Zitakauka kwingine. Boti inataka kuvaa."

Mama akaanza na shati la Baba, akamtupia kichwani.